Tufe la Kishindo na Futi ya Baba Yake

Mtaa mzima ulimwamini Fundi Mizani. Wauza nyama, wauza misumari, hata nesi wa kliniki ya watoto, wote walimpelekea mizani zao zikiharibika. Aliifungua kila moja taratibu, akapuliza vumbi, akatia tone la mafuta. Kisha akaweka juu yake mawe yake ya shaba ya kupimia, moja moja, kwa vidole viwili.

"Ondoa mkono," aliwaambia wateja wenye haraka. "Mizani ikishikwashikwa haisemi kweli."

Nyumbani alikuwa vilevile. Alijua mtungi wa gesi una uzito gani ukiwa mtupu na ukiwa umejaa. Alijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi bombani. Mkewe, ambaye alikuwa mpishi wa shule, alimtania kila mara.

"Wewe hata siku ya kufa utataka jeneza lipimwe kwanza."

"Likipungua sentimita moja, linarudi kwa seremala," alijibu Fundi, na wala hakuwa anatania sana.

Walikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka kumi na saba. Kila mtu alimwita Kishindo. Jina hilo alilipata akiwa na mwaka mmoja, kwa sababu alipoanza kutembea alikanyaga sakafu kama vile sakafu imemkosea. Alikua mrefu, mwenye mabega mapana na kicheko kikubwa. Alipofika kidato cha kwanza, mwalimu wa michezo alimwekea tufe mkononi, lile dude la chuma la duara, akamwambia arushe. Kishindo akarusha. Tangu siku hiyo hakuliacha.

Kila jioni alikwenda kwenye uwanja ulio nyuma ya karakana ya maseremala. Alichora duara kwa kijiti, akaingia, akalibana tufe shingoni, akazunguka na kulisukuma. Tufe likaanguka: ndu. Yeye akacheka. Marafiki zake wawili wakacheka naye. Akaliokota na kuanza tena. Hakuna aliyemtuma.

Fundi alipokwenda kumtazama kwa mara ya kwanza, kifua chake kilijaa fahari. Ni binti yake huyo, na chuma kile kinaruka. Aliomba tufe, akalipeleka dukani kwake, akaliweka kwenye mizani. Lilipaswa kuwa kilo nne. Lilikuwa pungufu gramu sitini. Fundi akalitoboa, akajaza risasi iliyoyeyushwa, akaziba, akasugua mpaka likatimia. Akamrudishia mwalimu wa michezo, ambaye hakujua acheke au ashukuru.

"Binti yangu harushi uongo," alisema Fundi.

Basi, kama angeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini kesho yake alikuja uwanjani na futi yake ndefu ya kuvuta, ile wanayotumia wajenzi. Akaanza kupima. Alipima kila mrusho, wa kwanza mpaka wa ishirini, na kila mahali tufe lilipoangukia alipigilia kijiti chenye rangi nyekundu. Dukani alitundika ubao mweusi, akaandika kwa chaki: KISHINDO, MITA 11.62. Mteja aliyekuja na mizani ya kupimia vitunguu aliondoka na habari za tufe, atake asitake.

Akaanza na ahadi. "Ukifika mita kumi na mbili, nakununulia simu." Kisha akaanza na mifano. "Yule msichana wa shule ya ng'ambo ya mto anarusha kumi na mbili na robo. Yeye ana mikono mitatu?"

Kumsifu hakumsifu. Fundi aliamini kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kishindo akirusha vizuri, baba alisema, "Bado sentimita thelathini na nane." Akirusha vibaya, baba hakusema kitu, alivuta pumzi tu na kukunja futi. Kimya hicho kilikuwa kizito kuliko tufe.

Njiani watu nao walimsimamisha. "Kishindo, leo ngapi?" Muuza magazeti aliuliza. Fundi viatu aliuliza. Hata bibi mmoja asiyejua tofauti ya mita na kilo aliuliza.

Marafiki wale wawili wakaacha kuja. Uwanja ulikuwa umegeuka kuwa kazi, na wao walikuja kucheza.

Hapo ndipo namba zilipoanza kushuka. Kumi na moja na arobaini. Kumi na moja na kumi. Kumi na sabini na tano. Mashindano ya mchujo, yale ya kuchagua timu ya mkoa, yalikuwa yamebaki wiki sita. Kishindo aliitaka nafasi ile tangu kidato cha kwanza. Fundi aliitaka pengine zaidi yake. Alipima upya futi yenyewe, akidhani imelegea. Futi ilikuwa sawa.

"Ni uvivu," alimwambia mkewe wakiwa mezani.

"Mvivu gani anayeamka kabla ya jogoo?" mkewe akamjibu. "Baba Kishindo, mtoto halali vizuri. Hacheki. Wewe unayepima kila kitu, hilo hujalipima?"

Fundi aliendelea kula. Sikio la kufa halisikii dawa, wazee walisema.

Jumamosi moja Kishindo alisimama kwenye duara, akalibana tufe shingoni, kisha akaliweka chini.

"Bega linauma," alisema.

Fundi aliingiwa na hofu. Bega? Na wiki tano zimebaki? Alimshika binti yake mkono, wakaenda moja kwa moja nyumba ya tatu kutoka kwao.

Pale aliishi mama mmoja, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali. Kazi yake ni kuwarudisha watu kwenye mwendo: waliovunjika, waliopooza, wanamichezo walioteguka. Mtaa ulimwita Mama Nyoosha, kwa sababu kila aliyemlalamikia maumivu aliambiwa, "Nyoosha." Katika ujana wake alirusha mkuki. Mpaka leo alitembea kama mtu anayetaka kuutupa.

Mama Nyoosha alimkalisha Kishindo kwenye kiti. Akaukunja mkono, akauzungusha, akabonyeza huku na huku.

"Hapa panauma?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapana, Mama."

"Sasa linauma lini?"

Kishindo aliangalia sakafu. "Nikiingia kwenye duara."

Mama Nyoosha akamtazama binti, kisha akamtazama baba, kisha akaitazama futi iliyotokeza kwenye mfuko wa baba. "Twendeni uwanjani," alisema.

Uwanjani alimwambia Kishindo arushe mara tatu, kama kawaida. Kishindo akarusha. Mabega yalipanda mpaka masikioni. Fundi alipima: kumi na sitini, kumi na hamsini na tano, kumi na arobaini.

"Fundi," alisema Mama Nyoosha, "nimesahau kamba yangu ya mpira ya mazoezi. Iko nyuma ya mlango. Nenda ukaniletee, tafadhali. Futi niachie mimi."

Fundi alikwenda. Alitafuta nyuma ya mlango, hakuona kamba. Akatafuta chini ya kiti, hakuona. Alikuwa anarudi mikono mitupu, amefika kwenye kona ya karakana ya maseremala, aliposikia sauti aliyokuwa ameisahau. Kishindo alikuwa anacheka.

Alisimama, akachungulia. Mama Nyoosha alikuwa amefumba macho na kuyafunika kwa viganja. Binti alikuwa ndani ya duara. "Sioni kitu," alisema yule mama. "Wala sipimi. Wewe rusha, uniambie mguu wako wa kushoto umekanyaga wapi."

Kishindo alizunguka. Mwili wote ulikwenda pamoja, mguu, nyonga, bega, mkono. Tufe lilipaa, likapita vijiti vya jana, likapita vya mwezi uliopita, likapita hata kile cha mita kumi na moja na sitini na mbili. Likaanguka kwenye majani ambako hapakuwa na kijiti chochote.

Fundi alijikuta anakimbia. Mkono uliingia mfukoni kutafuta futi. Haikuwepo.

"Lete futi," alisema akihema. "Lete haraka, kabla alama haijafutika."

"Sikupi," alisema Mama Nyoosha.

"Mama, hiyo ni rekodi."

"Najua. Na haitapimwa. Fundi, kaa chini."

Fundi alikaa kwenye gogo la maseremala. Kishindo alilifuata tufe, akaja nalo akilikumbatia. Kicheko kilikuwa kimekwisha tena usoni.

"Mwambie baba yako," alisema Mama Nyoosha. "Yale uliyoniambia mimi."

Binti aliliweka tufe chini. Kisha akasema, "Baba, nikiingia kwenye duara silioni tufe. Nauona ubao wa dukani. Namwona fundi viatu ananiuliza ngapi. Nakuona wewe unakunja futi. Zamani nilikuwa narusha. Siku hizi nafanya mtihani, mara ishirini kila siku. Nimechoka, baba. Nilitaka kukuambia naacha."

Neno hilo, naacha, lilimchoma Fundi. Alijikuna kichwa kama mwanafunzi.

"Mimi nilitaka kumtia moyo tu," alimwambia Mama Nyoosha.

"Najua ulitaka. Sasa nisikilize. Hamasa ni ile nguvu inayomtoa mtu kitandani akafanye jambo. Kuna hamasa ya nje: zawadi, sifa za watu, hofu ya kugombezwa. Na kuna hamasa ya ndani: mtu anafanya kwa sababu jambo lenyewe linampendeza, na anataka kulijua zaidi leo kuliko jana. Mwanao alikuja uwanjani na hiyo ya ndani, imejaa tele. Wewe ukaja na ya nje, ukaimwaga juu yake mpaka ya ndani ikazama."

"Kwa hiyo zawadi ni mbaya?"

"Sijasema hivyo. Mtoto akifanya vizuri, mpongeze, mnunulie hata kiatu. Lakini kila mrusho ukiwa na bei yake, akili inatoka kwenye mguu inakwenda kwenye simu. Halafu siku simu ikishapatikana, atarusha kwa ajili ya nini?"

"Na bega je? Fikra zinaingiaje kwenye bega?"

Mama Nyoosha aliokota kipande cha mbao, akampa. "Kunja ngumi. Kaza mkono wote, kaza na shingo. Haya, kitupe hivyohivyo ulivyokaza."

Fundi alikitupa. Kilianguka karibu na kiatu chake.

"Mtu mwenye hofu anakaza bila kujua," alisema yule mama. "Pumzi inakuwa fupi, mabega yanapanda. Misuli inashindana yenyewe kwa yenyewe. Sasa legeza, vuta pumzi, tupa."

Fundi alilegeza, akavuta pumzi, akatupa. Kipande kiliruka juu, kikatua kwenye bati la karakana kwa mlio mkubwa.

"Nani huyo?" sauti ya seremala iliuliza kutoka ndani.

"Ni mazoezi," alijibu Fundi kwa heshima. Kishindo aliziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimponyoka.

"Wewe wateja wako unawaambiaje wakiegemea mizani?" aliuliza Mama Nyoosha.

Fundi alilijua jibu, na lilimuuma kulisema. "Nawaambia waondoe mkono."

"Basi."

Fundi alimgeukia binti yake. "Mwanangu, nisamehe. Nilikuwa najivunia namba, nikadhani najivunia wewe."

Kishindo alikaa kwenye gogo karibu na baba yake, akaegemeza bega lile lililokuwa linauma kwenye bega lake.

Kabla hawajaondoka, Mama Nyoosha aliwapa maelekezo. Kwanza, Kishindo mwenyewe achague siku za mazoezi pamoja na mwalimu wake, na siku za kupumzika ziheshimiwe. Kila siku awe na jambo moja dogo la kufanyia kazi, jambo lililo mikononi mwake: mguu wa kushoto ukanyage imara, au kidevu kibaki juu. Mita haziko mikononi mwake, mguu uko. Kupima kusiachwe, maana mwanamichezo anahitaji kujua alipo. Lakini iwe mara moja kwa wiki mbili, na yeye ndiye aseme lini.

"Na mimi nikae kimya?" aliuliza Fundi.

"Usikae kimya. Sema ulichokiona. Usimwambie bado kiasi gani, mwambie amefanya nini vizuri. Hayo ndiyo yatamsaidia kurudia."

"Na mgema akisifiwa?"

"Mgema akisifiwa bure ndiye anayetia maji. Akiambiwa ukweli wa kazi yake, anapanda tena kesho."

Jioni hiyo Fundi alirudi dukani, akachukua kitambaa, akafuta ubao. Haikuwa rahisi. Aliacha namba ya mwisho kwa muda, akaitazama, kisha akaifuta nayo. Wateja walipouliza, aliwajibu, "Muulizeni habari za masomo." Mkewe alikwenda kwa wale marafiki wawili, akawaambia uwanja umefunguliwa tena. Walikuja siku hiyohiyo.

Kusifia kulimpa tabu Fundi. Siku ya kwanza alisimama pembeni ya duara, akakohoa, akasema, "Leo... mguu wako... ulikuwepo." Wasichana watatu walicheka mpaka wakakaa chini. Siku ya pili alijitahidi zaidi. Kufikia wiki ya pili alianza kuona mambo ambayo futi haikuwahi kumwonyesha. Aliona kwamba binti yake anavuta pumzi mara mbili kabla ya kuzunguka. Aliona kwamba akikosea huongea na nafsi yake, kwa upole, kama anavyoongea na rafiki. Hayo yote yalikuwepo siku zote, yeye alikuwa anaangalia chini kwenye futi.

Siku moja wasichana walipokwenda kunywa maji, mkewe alimkuta anatembea uwanjani polepole, hatua sawasawa, midomo inachezacheza.

"Baba Kishindo, hizo hatua zinakwenda wapi?"

"Nanyoosha miguu tu."

"Umefika ngapi?"

"Kumi na..." Fundi akang'ata ulimi. Mkewe alimshika mkono, akamrudisha kwenye gogo kama mgonjwa.

Ikabaki wiki moja. Kishindo alimaliza mazoezi, akajifuta jasho, akaja mbele ya baba yake. "Baba, leo nipimie."

Fundi alipima mara moja tu. "Kumi na moja na themanini," alisema. Kisha akakumbuka. "Na kidevu hakikushuka hata kidogo. Nilikitazama mpaka mwisho."

"Nilikihisi," alisema Kishindo, na uso wake ukang'aa. Akaliokota tufe, akarudi kwenye duara. Alikuwa amemaliza mazoezi, lakini alitaka mara moja zaidi.

Siku ya mchujo jukwaa lilijaa. Fundi alikaa na mkewe safu ya nne, na Mama Nyoosha kando yao. Katika mrusho wa kwanza wa Kishindo mwamuzi aliinua bendera nyekundu. Mguu ulikuwa umegusa nje ya duara. Wa pili ulikuwa mfupi, kumi na moja na kidogo. Uliobaki ulikuwa mmoja tu. Wiki tano nyuma, binti huyu angeingia kwenye duara mabega yakiwa masikioni.

Fundi alikuwa roho juu. Mdomo ulitaka kupiga kelele, akaufunga. Kule chini Kishindo alipiga mguu wa kushoto ardhini mara moja, taratibu, kama mtu anayepima sakafu kama imekauka. Akavuta pumzi, akavuta tena. Hakutazama jukwaani. Hakumtazama yule msichana wa ng'ambo ya mto. Aliingia ndani ya duara, na Fundi aliona mabega yakishuka.

Akazunguka. Tufe likaondoka. Hata kabla halijaanguka, Kishindo alikuwa anacheka.

Mita kumi na mbili na sentimita kumi na nane. Alikuwa wa pili. Wa pili anaingia kwenye timu.

Mkewe alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Mama Nyoosha alikuwa amesimama juu ya benchi, yeye na umri wake. Mzee mmoja aliyekaa mbele yao aligeuka. Binti yake naye alikuwa ameshindana, na alikuwa ametoka uwanjani akilia.

"Ndugu yangu," alimuuliza Fundi, "mwenzetu ulimwahidi binti yako nini mpaka akarusha vile kwa mrusho wa mwisho?"

"Sikumwahidi kitu."

"Hata simu?"

"Hata soda," alisema Fundi.

Mzee yule hakuamini. Basi Fundi akamsimulia yote, kuanzia ubao mpaka mbao iliyotua kwenye bati, na hakuficha makosa yake. Mzee alisikiliza kwa makini. Mwisho aliinuka, akasema anakwenda kumtafuta binti yake kabla hajapanda basi, akamwambie mkono wake ulikuwa mzuri, maana kweli ulikuwa mzuri na yeye hakumwambia.

Kishindo alipanda ngazi za jukwaa mbilimbili, viatu mkononi. Alikumbatia mama yake, akamkumbatia Mama Nyoosha, akasimama mbele ya baba.

"Uliona?"

"Niliona mabega yakishuka," alisema Fundi. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Najivunia wewe, mwanangu. Ungekuwa wa mwisho leo, ningejivunia vilevile."

Kishindo alimtazama vizuri usoni, kuona kama anasema kweli. Alikuwa anasema kweli.

"Nilijua," alisema. "Ndiyo maana tufe lilikwenda mbali."